Kusoma si Kutamka Tu: Jinsi ya Kurudia Ufahamu na Fasihi kwa Wanafunzi wa Shule za Kati

Yuko mtoto ambaye akipewa kitabu husoma kwa sauti safi, hakwami penye neno refu, wala hapiti nukta bila kupumua. Wazazi wake hufurahi, na wageni husema kwamba ada ya shule haikupotea. Lakini kitabu kikifungwa, na mtoto akaulizwa amesoma nini, hunyamaza, au hutaja neno moja tu alilolikumbuka. Mtoto huyu si mjinga, wala mwalimu wake si mvivu. Amejifunza nusu ya kazi ya kusoma. Nusu ya pili ndiyo impasayo kuirudia kabla ya mtihani, na ndiyo itakayomfaa hata mtihani ukiisha kupita.

Nusu hiyo ya pili ina thamani ya fedha. Mkulima hutia sahihi katika karatasi ya mkopo. Hununua dawa ya kuua wadudu yenye maelezo katika chupa. Huuza au hununua shamba kwa mapatano yaliyoandikwa. Karani naye hupokea barua asubuhi na kutakiwa kueleza kabla ya adhuhuri barua hiyo yataka nini. Katika mambo hayo yote hakuna atakayemuuliza mtu kama aweza kuyatamka maneno. Ataulizwa kama aliyafahamu.

SHULE ZA KATI, ZAMANI NA SASA

Jina la shule ya kati si geni katika Kenya. Baada ya ripoti ya kamati iliyoongozwa na Archdeacon Leonard Beecher mwaka 1949, masomo ya watoto wa Kiafrika yalipangwa katika vipande 3 vya miaka 4: shule ya msingi, shule ya kati, na sekondari. Aliyemaliza darasa la nane alifanya mtihani uliojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, KAPE, na wengi waliishia hapo kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache.

Mipango ya masomo imebadilika mara nyingi tangu siku hizo. Kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 2023 watoto wa darasa la nane walifanya mtihani wa KCPE. Katika mtihani huo swali la ufahamu lilifuatwa na majibu 4 yaliyokwisha kuandikwa, na kazi ya mtoto ilikuwa kuchagua herufi moja. Asiyefahamu chochote aliweza kubahatisha, na mara moja katika mara nne bahati ilimwangukia. Mwaka 2023 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 waliingia daraja jipya la Sekondari Msingi, lenye Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, na mwaka 2025 wenzao hao walifanya mtihani wa kwanza wa kumaliza daraja hilo. Umri wa watoto hawa ni ule ule wa watoto wa shule za kati za zamani, yaani wale walioacha kuitwa wadogo na bado hawajawa wakubwa.

Huu ndio umri ambao mtoto hupaswa kuvuka kutoka kujifunza kusoma hadi kusoma ili ajifunze. Akishindwa hapo, hashindwi katika Kiswahili peke yake. Hesabu za maneno zitamshinda, kwa sababu hatajua swali lataka nini. Sayansi itamshinda, na kilimo pia, ijapokuwa amezaliwa shambani.

KIFUNGU CHA ZOEZI

Njia bora ya kueleza kazi hii ni kuifanya. Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya zoezi, na watu wake si watu wa kweli. Mzazi na amsomee mwanawe, au mwana amsomee mzazi; kisha waendelee pamoja.

"Karani wa chama cha ushirika alileta barua jioni, majirani wakiwa wameketi uani kwa Mzee Mutiso. Mzee alimpa barua mjukuu wake Kioko, aliyekuwa akisoma Gredi ya 8, kisha akawatazama majirani kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake mnono. Kioko aliisoma barua yote kwa sauti iliyotiririka kama maji ya mfereji, pasipo kukwama hata mara moja. Majirani walipiga makofi. Nyanya yake peke yake hakupiga makofi. Aliuliza, 'Wanasema nini, mjukuu wangu?' Kioko akajibu, 'Wanasema wataleta mbolea, nyanya.' Mzee alicheka, akatia sahihi, na karani akaenda zake.

"Mbolea ililetwa, magunia 4, na mahindi yakastawi. Lakini malipo ya maziwa ya mwezi uliofuata yalikuwa nusu ya kawaida. Mzee alifika ofisini amewaka moto, akagonga meza. Karani hakusema neno. Alifungua jalada, akatoa nakala ya barua, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu: gharama ya mbolea itakatwa katika malipo ya maziwa kwa miezi mitatu. Mzee alikaa kimya kitambo, akiikunja kofia yake mikononi. Jioni hiyo hakumgombeza Kioko. Aliweka taa mezani, akaitandaza barua, akasema, 'Isome tena, mjukuu wangu. Safari hii polepole, na kila mstari uniambie maana yake.'"

KUSOMA MARA MBILI

Mwanafunzi asiyajibu maswali baada ya kusoma mara moja. Mara ya kwanza asome kifungu chote bila kusimama, ili ajue habari ni ya nani, imetokea wapi, na imeishaje. Baada ya hapo ayasome maswali. Ndipo arudi kusoma mara ya pili, sasa polepole, akijua anatafuta nini. Wanafunzi wengi huona kwamba kusoma mara mbili ni kupoteza wakati. Kinyume chake ndicho kweli, kwa kuwa asomaye mara moja hurudi nyuma kwa kila swali kama mtu aliyeingia ghalani gizani akipapasa kila gunia.

Shuleni watoto hufundishwa alama za uakifishaji kama kanuni za kuandika. Ni vizuri wakumbushwe kwamba alama hizo ni msaada wa kusoma pia. Katika kifungu hiki nukta mbili baada ya maneno "mstari wa tatu" zinamwonyesha msomaji kwamba yanayofuata ndiyo yaliyoandikwa katika barua. Asiyeiona alama hiyo anaweza kudhani ni maneno ya karani, ilhali kifungu kimesema wazi kwamba karani hakusema neno.

AINA ZA MASWALI

Maswali ya ufahamu ni mengi, lakini yote yaweza kuwekwa katika mafungu machache, na anayejua fungu la swali hujua pa kutafuta jibu.

Fungu la kwanza ni maswali ambayo majibu yake yameandikwa wazi. Kwa mfano: Je, ni magunia mangapi ya mbolea yaliyoletwa? Jibu ni magunia 4, nalo limo mwanzoni mwa aya ya pili. Hapa hatari ni haraka. Swali likiuliza gharama ilikatwa kutoka wapi, mwenye haraka atajibu "katika mahindi" kwa sababu mahindi yametajwa karibu na mbolea. Na swali likiwa na neno "kwa nini", jibu lake lazima liwe na sababu, si tukio tu.

Fungu la pili ni maswali ambayo majibu yake hayakuandikwa, bali yamedokezwa. Kwa mfano: Kwa nini Mzee Mutiso hakumgombeza Kioko? Hakuna mstari unaosema. Mwanafunzi mmoja atajibu, "Kwa sababu alimpenda mjukuu wake." Jibu hili lina wema, na huenda babu yule alimpenda kweli, lakini halina shahidi katika kifungu. Mwingine atajibu, "Kwa sababu alitambua kwamba yeye mwenyewe alitia sahihi bila kuuliza." Huyu akiulizwa amejuaje, anaweza kuonyesha ushahidi: Mzee alicheka nyanya alipouliza, alikaa kimya alipoonyeshwa mstari wa tatu, aliikunja kofia yake kama mtu mwenye haya, na jioni aliomba kila mstari aelezwe maana yake, yaani alifanya lile ambalo hakulifanya mara ya kwanza. Jibu la pili ndilo lipatalo alama.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yote ya ufahamu. Jibu zuri si lile linalopendeza, wala si lile ambalo mtoto angependa liwe kweli. Ni lile ambalo anaweza kuweka kidole chake kwenye mstari na kusema, "Nimelitoa hapa." Karani wa kifungu hiki hakubishana na Mzee, aliweka kidole tu. Mtoto na afanye vivyo hivyo.

Fungu la tatu ni maana za maneno. Neno "jalada" lina maana mbili zinazojulikana: gamba la kitabu, na kitu cha kuwekea karatasi za ofisini. Ni ipi inayofaa hapa? Majirani wa neno ndio wanaojibu: tumo ofisini, jalada lilifunguliwa, na nakala ya barua ikatolewa ndani yake. Basi ni jalada la ofisini. Mtoto afundishwe kulitazama neno gumu pamoja na yale yaliyolizunguka kabla ya kukimbilia kamusi. Kamusi ni chombo kizuri sana, lakini haimo katika chumba cha mtihani, na hata inapokuwapo humpa msomaji maana tatu au nne na kumwachia kazi ya kuchagua.

Fungu la nne ni ufupisho. Hapa mtoto hutakiwa kueleza jambo kuu kwa maneno machache aliyopimiwa. Tuseme ametakiwa kufupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 30. Kwanza apigie mstari mambo yasiyoweza kuachwa: mahindi kustawi, malipo kupungua, malalamiko, ushahidi wa barua, na uamuzi wa Mzee. Kofia, taa na kugonga meza ni mapambo ya hadithi. Yana kazi yake, lakini si katika ufupisho. Kisha aandike kwa maneno yake: "Mbolea ilistawisha mahindi, lakini malipo ya maziwa yalipungua. Mzee alipolalamika, karani alimwonyesha barua iliyoeleza makato hayo. Mzee alitambua kosa lake, akamtaka mjukuu asome tena kwa makini." Hayo ni maneno 26. Kosa la wengi ni kunakili sentensi za kifungu na kukata mwisho maneno yakizidi. Mtu akikata hivyo hukata mara nyingi lile lililo muhimu kuliko yote.

KUTOKA UFAHAMU HADI FASIHI

Watoto huogopa neno "uchambuzi" kana kwamba ni somo jingine kabisa. Ukweli ni kwamba uchambuzi wa fasihi huanza pale ufahamu unapoishia. Ufahamu huuliza, "Nini kimetokea?" Uchambuzi huuliza, "Mtunzi amefanyaje hata jambo hili likatugusa, na anataka kutuambia nini?" Kifungu kile kile chaweza kutumiwa.

Kwanza, wahusika. Mwanafunzi asitoe sifa ya mhusika bila tendo au usemi unaoithibitisha. Kusema "Nyanya ni mwenye busara" ni nusu ya jibu. Jibu kamili ni hili: "Nyanya ni mwenye busara, kwa kuwa wengine walipopiga makofi yeye aliuliza maana ya barua." Mzee Mutiso ni mtu wa majivuno mwanzoni, na mnyenyekevu mwishoni, basi ni mhusika anayebadilika. Karani ni mtulivu. Kioko ni hodari wa kutamka na mwepesi wa kujibu, lakini hakudanganya: ni kweli kwamba mbolea ingeletwa. Kosa lake ni kutoa nusu ya habari. Mtoto atakayeyaona hayo kwa Kioko ameanza kuchambua, kwa maana hakuridhika kusema tu kwamba Kioko ni mbaya au ni mwema.

Pili, mandhari na mtiririko wa visa. Hadithi hii fupi ina mahali patatu: uani penye watu wengi, ofisini penye watu wawili, na mezani penye taa. Mwanzo wake ni barua kuletwa. Mgogoro unazaliwa pale sahihi inapotiwa bila maana kujulikana, na kilele chake ni kidole cha karani. Utatuzi ni barua kusomwa upya. Mwanafunzi akijiuliza kwa nini mtunzi amempunguza watu Mzee kutoka ua uliojaa hadi meza ya wawili, ataona kwamba majivuno yalihitaji watazamaji, lakini kujifunza hakuwahitaji.

Tatu, mada na dhamira. Hivi viwili huchanganywa sana. Mada ni jambo linalozungumzwa. Dhamira ni lile ambalo mtunzi anataka tulifahamu juu yake. Mtoto akiulizwa dhamira ya kifungu na akajibu "mbolea," ametaja kitu kimoja kilichomo, si dhamira. Akijibu "kusoma," amekaribia, lakini hiyo ni mada. Akijibu kwamba kusoma bila kufahamu kwaweza kumletea mtu hasara hata akisifiwa na watu, hiyo ndiyo dhamira. Kanuni nyepesi ya kumkumbusha ni kwamba mada yaweza kuwa neno moja, lakini dhamira haina budi kuwa sentensi nzima.

Nne, tamathali za usemi. Wanafunzi wengi hukariri orodha ndefu: tashibihi, sitiari, tashihisi, takriri, chuku, kinaya. Orodha ni njema, lakini kutaja jina la tamathali ni sawa na kutaja jina la jembe, bado hujalima. Kifungu kinasema sauti ya Kioko ilitiririka "kama maji ya mfereji". Hiyo ni tashibihi, kwa kuwa kuna neno la kulinganisha. Lakini kwa nini maji ya mfereji? Maji hayo hupita upesi na kwa sauti nzuri, wala mfereji wenyewe haubaki na kitu. Ndivyo maneno ya barua yalivyompitia Kioko. Mzee "amewaka moto" ni sitiari, maana hakuungua kweli, wala neno la kulinganisha halikutumiwa. Hasira yake imeitwa moto moja kwa moja. Tena iko kinaya katika makofi ya majirani, kwani walishangilia saa ile ile hasara ilipokuwa ikiingia mlangoni.

Tano, msimulizi. Hadithi imesimuliwa katika nafsi ya tatu, na msimulizi hakuingia moyoni mwa Mzee kutuambia anafikiri nini. Ametuonyesha kofia tu. Zoezi zuri la jioni ni kumwambia mtoto asimulie habari hiyo kama vile yeye ni Kioko, au kama vile yeye ni karani. Ataona mara moja kwamba mengine yatafichika na mengine yatafunuka, na hatasahau tena maana ya nafsi ya msimulizi.

KUHUSU MASHAIRI

Shairi huwatisha watoto kuliko hadithi, lakini Kiswahili kimelelewa na mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ni mmoja wa waliolikuza shairi la mishororo minne. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha unaosomwa hata leo. Mfano wa Mwana Kupona wafundisha swali la kwanza la kuuliza mbele ya shairi lolote: Nani anasema, na anamwambia nani? Anayejua kwamba ni mama anayemuusia binti yake ameshika ufunguo. Asiyejua hilo atayasoma maneno yale kama amri zisizo na mwenyewe.

Utazame ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya zoezi kutokana na hadithi ya Kioko:

Barua ilipofika, wengi walishangilia,
Kijana akatamka, hakuna la kusalia,
Mzee akaridhika, sahihi akaitia,
Maana hakuishika, gharama ikamjia.

Mtoto ahesabu. Ubeti una mishororo 4, basi ni wa tarbia. Kila mshororo una vipande 2, na kila kipande kina mizani 8, jumla 16. Kina cha kati ni "ka" na kina cha mwisho ni "a". Katika mshororo wa tatu mtunzi amesema "sahihi akaitia", ambapo katika usemi wa kawaida neno "sahihi" lingekuja mwisho. Huo ni uhuru wa mshairi, aliopewa ili vina na mizani vitimie.

Wengi huishia hapo, wakadhani wamelichambua shairi. Wamelipima tu, kama fundi aliyepima mbao na hajatengeneza meza. Kazi iliyobaki ni maana. Maneno "hakuna la kusalia" yana maana mbili: kwamba kijana hakuliacha neno lolote la barua bila kulisoma, na kwamba halikubaki neno lolote kichwani mwake. Maana zote mbili ni za kweli kwa pamoja, na hapo ndipo ubeti unapouma. Mwanafunzi akishaweza kuonyesha neno moja lenye kazi mbili namna hiyo, basi amefika.

Vivyo hivyo kwa vitabu virefu. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza habari za nchi iliyoko angani, ambako mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mtoto akisema, "Hakuna nchi angani, kwa hiyo kitabu hiki ni uongo," asicheshwe wala asikemewe. Aulizwe tu: Je, hukumu isiyo ya haki haipo duniani? Akijibu kwamba ipo, ataona mwenyewe kwa nini mtunzi aliipeleka nchi yake mbali ili watu waitazame vizuri.

MARUDIO NYUMBANI

Marudio ya wiki moja kabla ya mtihani hayasaidii sana. Ufahamu haufanani na tarehe za historia ambazo mtu aweza kuzikariri usiku mmoja. Hufanana na misuli ya mkono wa mlimaji, ambayo hupata nguvu kwa kazi ndogo ya kila siku. Nusu saa ya jioni, mara nne kwa wiki, yatosha. Jioni ya kwanza mtoto asome kifungu kifupi na kueleza habari yake bila kukitazama. Jioni ya pili ajibu maswali, na kwa kila jibu aonyeshe mstari alikolitoa. Jioni ya tatu afupishe. Jioni ya nne asome ubeti au hadithi, atafute tamathali moja tu, na kueleza kazi yake.

Vitabu vikikosekana, gazeti lipo. Maelezo ya mfuko wa mbegu yapo, barua ya chama cha ushirika ipo, na tangazo la mkutano wa shule lipo. Vyote hivyo ni vifungu vya ufahamu, na vina faida kwamba nyumba nzima ina haja ya kujua majibu. Mtoto akieleza vibaya kipimo cha dawa ya ng'ombe, kosa litaonekana kabla ya kuleta madhara, na wote watakuwa wamejifunza.

Mzazi asiyejua kusoma asijitenge na kazi hii akidhani haimhusu. Katika kifungu cha zoezi, nyanya hakuambiwa kuwa amesoma shule yoyote, lakini swali lake ndilo lililokuwa swali la kweli. Maswali matatu yamtosha mzazi wa namna hiyo: Wanasema nini? Umejuaje? Na ni nini ambacho hawakukisema? La kwanza hupima ufahamu, la pili hudai ushahidi, na la tatu humfundisha mtoto kusoma katikati ya mistari. Mzazi akiyauliza kwa upole, na akawa na subira kungoja jibu, amefanya kazi ambayo mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumfanyia kila mtoto kila siku.

Liko onyo moja. Wako wanaonunua vijitabu vya majibu tayari, ambamo sifa za wahusika na dhamira za vitabu zimeorodheshwa, na kuwaambia watoto wavikariri. Mtoto wa namna hiyo atajibu vizuri juu ya kitabu alichokaririshwa, lakini akiletewa kifungu asichokijua atakuwa kama mtu aliyefundishwa njia ya soko moja tu. Kijitabu kitumike baada ya mtoto kusoma kitabu chenyewe na kutoa rai yake, ili alinganishe, na akiona tofauti aulize kitabu kinaunga mkono rai ipi.

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Msemo huo huelekezwa mara nyingi kwa wasafiri na wafanya biashara, lakini wafaa pia kubandikwa juu ya meza ya kila mwanafunzi. Mwenye kusoma polepole leo, akauliza na akaweka kidole chake kwenye mstari, kesho hatalazimika kusomewa mstari wa tatu na mtu mwingine baada ya sahihi kutiwa.